Sidii ya Kwaya Iliyokataa Kuimba

Mama mkubwa alikuja mjini Singida kutoka Iguguno na sidii moja aliyoifunga kwenye kanga. Ndani yake, alisema, kulikuwa na kwaya yao, iliyorekodiwa na mgeni aliyefika kanisani na vipaza sauti vingi, enzi mama yangu angali hai. Ilikaa kabatini miaka yote kwa sababu kila walipoiweka redioni ilitoa mvumo tu.

"Labda imeharibika, mama mkubwa."

"Si unafundisha kompyuta wewe? Itoe."

Niliinakili. Kompyuta ikaonyesha nyimbo nane, kila moja na dakika zake. Nikafungua ya kwanza: shhhh, kama mtama unaomiminwa kwenye debe. Nikapunguza sauti. Nikazigeuza kuwa MP3. Nikatafuta programu ya kusafisha mvumo, na kadiri nilivyosafisha ndivyo nilivyozidi kupotea. Wimbo unakuwaje na dakika nne halafu haumo?

Nikampigia fundi mmoja wa studio. Akacheka.

"Mwalimu, huo mvumo ndio wimbo wenyewe. Umefumbwa kwa ajili ya spika sita, redio ya kawaida haiwezi kuufumbua. Nakili upya, usiguse kitu. Hata sauti usipunguze, utaliharibu fumbo."

Akanitumia programu ya kufumbulia. Nikarudia kama alivyosema, na kila wimbo ukatoa faili sita, moja kwa kila spika: mbili za mbele, ya katikati, mbili za nyuma na ya besi. Mimi na mama mkubwa tukazisikiliza moja moja. Kwenye faili ya tano ya wimbo wa mwisho kwaya ilisikika kwa mbali, na karibu kabisa na kipaza sauti mwanamke akanong'ona kwa Kinyiramba kwamba viatu vinambana. Kisha akacheka.

Machozi yakanitoka. "Mama huyo!"

"Ni mimi," alisema mama mkubwa. "Viatu vile niliazima."

Nikairudisha nyuma. Safari hii alisikiliza akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua alinitazama kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake.

"Lakini katikati ya ibada mama yako alinipokea vile viatu, akavivaa yeye," alisema. "Sasa sijui."

Nilimwekea faili ile kwenye simu. Tangu arudi Iguguno amenipigia mara mbili: ya kwanza kuniambia ni mama, ya pili kuniambia ni yeye. Zote mbili nilimwitikia.