Askari wa Gemu Apiga Goti Runzewe

Wiki hii nilikwenda kutoa kopi kwenye steshenari moja ya Runzewe, nikamkuta dada wa kaunta akihangaika na magoti. Alikuwa amemchukua askari wa kike kutoka kwenye gemu, akamhamishia kwenye programu ya kutengenezea katuni na kumvika kitenge, ili awe mkwe anayemsalimia mama wa mumewe. Lakini kila alipompigisha goti, miguu ilikunjika kinyumenyume kama ya korongo.

“Mifupa ya katuni imehama vibaya kutoka kwenye gemu,” alilalamika.

Mama mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti alichungulia. “Yaya!” alikataa kwa Kisukuma. “Mkwe hasalimii hivyo.” Akaweka mkoba chini, akapiga goti mwenyewe pale sakafuni, taratibu, macho chini. “Umeona?”

Dada akageuza mfupa mmoja mmoja huku akimtazama, kisha akabonyeza. Kwenye skrini askari akashuka kwa goti, macho chini, kitenge kimetulia.

“Marahaba, mwanangu,” mama akaitikia, kabla hajakumbuka kuwa ile ni katuni.

Dada akaruka, mikono juu. Foleni nzima tukapiga makofi. Nawajua wakwe wenye magoti yao halali ambao hawajawahi kuitikiwa kwa upole ule.