Mchoma Mishikaki na Kimondo

Mchoma mishikaki wa baa yetu ya Nyakabanda hakuwahi kumtazama mteja usoni. Alitutambua kwa viatu. Macho yake yalikuwa kwenye makaa, na mwali ukithubutu kuinuka, alichovya vidole kwenye kopo la maji akaunyunyizia, huku akiunong'oneza kwa ukali kama mama anayemkanya mtoto kanisani. Jioni moja ya mwaka 1991, giza ndiyo kwanza linaingia, kimondo kikubwa kilipita juu ya kilima cha Rebero na kuufanya ua mzima kuwa mweupe. Siku zile za vita, kila mwanga tuliudhani bomu. Tukajitupa chini ya meza. Daphrose, mwenye baa, akakumbatia rozari pamoja na bia yangu. Mchoma mishikaki yeye alinyunyizia jiko maji. Mwanga haukupungua. Akanyunyizia tena, kwa hasira, ndipo akainua uso kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alikitazama kimondo mpaka kikazimikia nyuma ya kilima, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Moto mingi vile," akaviambia viatu vyetu vilivyochomoza chini ya meza, "nyama inabakia mbichi ndani."