Vigingi Vyekundu vya Shimo la Tano

Kanuni za uwanja wetu wa gofu nilizipiga chapa mimi mwenyewe, kwenye kompyuta ya biro yetu, ofisi ya kule bandarini, saa ambayo mkubwa wangu alitoka kwenda kula. Zilikuwa saba, zilienea katika ukurasa mmoja. Gofu ina kitabu chake cha sheria kinachofuatwa dunia nzima, lakini kila uwanja una kanuni zake za nyumbani, kwa sababu hakuna kitabu kinachojua kwamba hapa Kalemie mpira unaweza kuangukia ndani ya unyayo wa kiboko.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza: mpira ukiingia katika unyayo wa kiboko, utoe, uuweke pembeni, hakuna adhabu. Ya pili ilihusu mihogo. Mpira ukianguka shambani kwa watu, usipige fimbo humo. Uokote kwa mkono, na ukimkuta mwenye shamba umwombe radhi. Wageni waliposoma karatasi ile walicheka. Tulikuwa wachezaji saba au nane, watu wa bandari na reli na biro za serikali, na uwanja wenyewe ulikuwa mashimo sita tu yaliyobaki tangu wakati wa Wabelgiji, kati ya njia ya reli na ziwa.

Kanuni ya saba haikumchekesha mtu. Iliandikwa hivi: ng'ambo ya vigingi vyekundu mpira umepotea, hakuna kuufuata, hata kama unauona.

Vigingi hivyo vilikuwa mamlaka ya mzee aliyetunza uwanja. Alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa maneno machache, aliyetumia ujana wake kushindilia kokoto chini ya mataruma. Alivichonga mwenyewe, kumi na viwili, akavipaka rangi, akavipanga kando ya shimo la tano, hatua thelathini kutoka majini. Alizihesabu kwa miguu yake mwenyewe na hakutaka kusaidiwa.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Kiangazi kilipofika halikurudi chini kama lilivyozoea. Kwenye avenyi za chini, mitaa iliyo kando ya ziwa, watu walihama wakiwa wamejitwika milango ya nyumba zao. Kule uwanjani hatukusikia kishindo chochote, wala hatukuona wimbi. Ulifika Jumamosi, ukakanyaga majani yale yale uliyoyakanyaga juma lililopita, maji yakakupanda hadi kwenye kamba za viatu. Mzee aling'oa vigingi na kuvirudisha nyuma, hatua thelathini tena. Jumamosi iliyofuata, tena. Matete ambamo viboko walizoea kushinda yalizama, nao wakasogea kwetu. Zamani tulikuta nyayo kavu tu. Mwaka ule tulikuta mavi yao yakiwa bado yanatoa mvuke, na ndege weupe waliozoea kutembea kwenye majani hawakuonekana tena.

Katika wachezaji wetu kulikuwa na injenia mmoja aliyefika kila Jumamosi kutoka Kabimba. Alikuwa mchezaji bora kuliko sisi sote na hakupenda kupoteza mipira.

"Kanuni hii inakula uwanja kuliko ziwa lenyewe," alisema siku moja, tukiwa tumekaa barazani. "Shimo la tano limebaki kama uchochoro. Hatua kumi zinatosha. Nani amewahi kumwona kiboko hapa saa za mchezo?"

Wote walinitazama kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa sekretere. Nilijua mzee angesema nini. Lakini nilikuwa mtu wa kupenda kupendwa, na injenia ndiye aliyenifundisha kushika fimbo. Nikasema, "Hatua kumi si mbaya." Jumatatu nikapiga chapa karatasi mpya.

Nilipompelekea mzee aliishika kidogo, akanirudishia.

"Sekretere, ile miti mi sitaisogeza."

"Komite imeamua, Papa."

"Komite inafikaka saa tatu, jua limeshatoka sana. Mi njo naonaka viboko wanapita wapi asubuhi." Akaendelea kunoa panga lake. "Ukitaka isogezwe, isogeze weye mwenyewe."

Nilikwenda Ijumaa baada ya kazi, na nyundo. Jua lilikuwa bado juu na hapakuwa na mtu. Ving'oe, tembea, vipigilie. Nilipofika cha sita au cha saba nilisikia nyundo yangu ikijibiwa kutoka majini, pigo kwa pigo, nikajiambia ni mwangwi. Nikasimama. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, lakini mahali pamoja, si mbali, maji yalikuwa yakizunguka polepole kama kwenye sufuria inayotaka kuchemka. Vigingi vilivyobaki nilivipiga mapigo mawili mawili tu na kuondoka. Kwenye njia ya reli nilitazama nyuma. Vilionekana vizuri sana, vyekundu, vimenyooka.

Sasa niseme habari za yule mama. Alilima mihogo pembeni mwa shimo la tano, ndiye mwenye shamba wa kanuni yetu ya pili. Nimemwomba radhi mara nyingi, naye kila mara alinirushia mpira wangu na kuniuliza, "Papa Sekretere, leo tena?" Maji yalipomlia nusu ya shamba aling'oa mihogo kabla haijakomaa, akawa anailoweka katika mfereji ambao ziwa lilikuwa limeupenyeza uwanjani. Mfereji ule ulikatiza mstari wa vigingi. Aliufuata mpaka penye vigingi na kuishia hapo.

Siku tatu baadaye, Jumatatu, nilikuwa bado natafuta funguo za kabati la biro nilipomwona mzee wa uwanja mlangoni. Hakuwahi kufika kazini kwangu. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani na kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Njo yule mama," alisema.

Tulipokuwa tukitembea kwenda hospitali alinieleza. Jua lilikuwa linachomoza. Mama alikuwa ameteremka na beseni mpaka penye vigingi, pale nilipoviweka mimi, ambako mfereji ulikuwa mpana na maji yake safi zaidi. Kiboko alikuwa anarudi kutoka kula majani, akamkuta amesimama kati yake na ziwa. Mzee alisikia kelele moja tu. Alikimbia akigonga panga kwenye kipande cha chuma, akapiga na kupiga, mpaka yule mnyama akamwachia mguu, akaingia majini bila haraka.

Mzee hakunilaumu. Alieleza tu, na kwenye geti la hospitali akageuka kurudi uwanjani. Mimi nami sikuingia.

Madaktari walimkata mama mguu juu ya goti. Ilinichukua siku nne kupata moyo wa kwenda kumwona. Binti yake alikuwa ameketi kitandani, anampepea kwa kipande cha karatoni.

"Papa Sekretere, karibu," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Uwaambie watu mi sikupita. Banasema nilipita. Nilisimama pa miti miekundu, sikupita hata kidogo."

"Najua, Mama. Hukupita."

"Karatasi yenu mi sijue kuisoma. Lakini ile miti nilikuwa naijua. Mzee aliniambia, ukikaa ndani ya miti hakuna neno. Sasa nauliza, ilikuwa namna gani?"

Ningeweza kusema ziwa limepanda. Nilikuwa nimejitayarisha kusema hivyo, njia nzima.

"Ni mimi niliyeisogeza," nikasema. "Ijumaa."

Binti aliacha kupepea.

"Juu ya nini?" mama aliuliza.

"Kwa ajili ya mchezo."

"Mchezo," alisema, taratibu, kama mtu anayerudia neno la lugha asiyoijua. Akageuza uso ukutani. Binti yake akaniambia, bila ukali, "Papa, sasa utoke."

Injenia alisema ni ajali, kiboko hasomi kanuni, hata hatua thelathini si ukuta. Huenda ni kweli. Mimi niliacha usekretere na fimbo zangu nikazigawa. Kila Jumamosi, saa ambayo wenzangu walikuwa wakicheza mashimo matatu yaliyobaki, nilikwenda shambani kwa mama kung'oa mihogo iliyokuwa upande wa juu, ambako ardhi ilikuwa bado kavu. Nilimpelekea binti gunia mpaka mlangoni. Alilipokea. Salamu hakunipa, nami sikuitegemea.

Miezi ilipita, ndugu zao wa Niemba wakaja kumchukua mama. Nilisaidia kumpandisha kwenye lori, na magongo yake. Alipokwisha kukaa vizuri juu ya mizigo aliniita.

"Ule mfereji, wanawake bado banaendaka?"

"Sijui, Mama."

"Basi uende uangalie."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoniambia. Lori lilipoondoka nilikwenda moja kwa moja. Mfereji haukuwepo tena, ulikuwa umekuwa ziwa. Shimo la tano pia lilikuwa ziwa. Kigingi kimoja kilisimama katikati ya maji, kimepauka, na mbele yake, kwenye maji yaliyotulia, niliona masikio. Nikahesabu jozi tatu, kisha ya nne.

Wanawake wawili walikuwa wanateremka kutoka relini na mabeseni ya mihogo kichwani, wanaongea. Nikawapungia mikono, nikapiga kelele warudi. Walisimama wakanishangaa.

"Kwani mwisho ni wapi, Papa?" mmoja aliuliza. "Mzee alikuwa anatuwekea miti, sasa haonekanaka tena."

Nilitazama chini. Pale nilipokuwa nimesimama, majani yalikuwa yameanza kulowa.

"Rudini juu ya reli," nikawaambia. "Msishuke hapa tena."

Walinung'unika kidogo, wakageuka. Nilisimama pale pale, uso wangu ukiyaelekea maji, mpaka niliposikia miguu yao ikikanyaga kokoto za reli.