Matanga Chini ya Mwaloni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, majani yakianza kupukutika, nilipogombezwa katikati ya mji wa Washington, na hadi leo namshukuru aliyenigombeza.

Nilikuwa msichana bado, natunza wazee majumbani mwao, naishi Adelphi, pembeni mwa mji, katika chumba tulichopanga na wenzangu. Simu ikaja kutoka Bungoma: mama amefariki. Karatasi zangu hazikuwa tayari. Ningeondoka, nisingeruhusiwa kurudi. Basi mama akazikwa bila mimi, nami nikanyamaza. Nilijiambia, wenzangu wanafanya kazi zamu mbili mbili, nani ana nafasi ya kulia na mimi? Na nikipiga nduru, jirani wa juu si ataita polisi? Nikapiga sare pasi, nikaenda kazini. Ujana, jamani!

Lakini msiba haufichiki. Mama Nekesa, mama mmoja mzee wa kanisani kwetu, Mungu amrehemu, alipata habari kutoka nyumbani. Akanivizia kwenye bustani ya mjini nilikokuwa nabadilisha basi, pale penye mwaloni mkubwa, mti wa huku huku, uliokuwepo kabla ya majengo yote yale. Mama Nekesa hakuwa na dogo.

"Wewe! Kwani mama yako alikuwa paka, afe hivi hivi tu?"

"Mama, sina nyumba ya kukalisha watu."

"Nani amekuuliza nyumba? Matanga hukaliwa nje. Kivuli si hiki? Keti!"

Nikaketi kwenye mizizi, na hapo ndipo nilipolia. Weee, nililia! Yeye akashika simu. Mchana watu walikuwa wamejaa, na thamosi za chai, na jirani zetu Wakongo na sufuria ya sombe, kisamvu chao. Tukaimba. Mzee mmoja, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani, alikuwa akipita, akasimama, akavua kofia. "Poleni na msiba," akasema taratibu. Kisha akauliza, "Mama aliitwa nani?" Nikasema, Rael. Tangu afe sikuwa nimelitaja jina lake kwa sauti.

Mti ule naushukuru. Nikiupitia naupapasa gome, watu wakinitazama shauri yao.

Sasa sikiza. Nimesikia kwa watu, si kwako, kwamba baba yako ametutoka, na jana ulikuwa kazini kama kawaida. Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na kilio nacho ni vivyo hivyo. Waambie watu. Usiwahurumie kwa uchovu wao; waache wachoke kwa ajili yako, kesho nawe utachoka kwa ajili yao. Mtu wetu halii peke yake, awe Bungoma au huku Germantown. Jumamosi tutakuwa pale chini ya mwaloni, na usilete kitu.

Mungu amlaze baba yako pema, akupe machozi ya kutosha na watu wa kukupangusa.