Chungu wa Chumba cha Betri

Shangazi yangu alikuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini na saba. Enzi hizo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine ulinyanyua simu ukasikia sauti yake ikiuliza namba. Ukimtajia, alichomeka waya kwenye tundu lake na kukwambia, "Nakuunganisha." Kama uliyemtaka hayupo, alikuarifu kwa upole kiasi kwamba ulijikuta unashukuru. Watu waliijua sauti yake bila kuijua sura. Alikuwa anaweza kusimama dukani kuulizia sabuni tu, muuzaji akainua kichwa na kumwita Bi Nakuunganisha. Jina hilo likamganda mpaka mwisho.

Nilihamia kwake nilipoanza kazi ya uuguzi, kwa sababu nyumba yake ilikuwa jirani na hospitali. Vyumba viwili na ukumbi, sakafu nyekundu aliyoing'arisha kwa nta kila Jumamosi mpaka wageni wakawa wanatembea kama watu wenye kidonda unyayoni. Hakuwahi kuolewa, na aliyethubutu kumuuliza sababu alijibiwa kwamba laini ilikuwa na shughuli.

Nyuma ya kituo cha simu kulikuwa na chumba cha betri, zile betri kubwa zilizoendesha mitambo. Wafanyakazi wenzake hawakukipenda kwa harufu ya tindikali. Yeye huko ndiko alikokwenda na kikombe chake cha chai kupumzisha masikio. Chumba kilikuwa na ubaridi na kimya, na chini ya ukuta palikuwa na ufa wenye unyevu. Humo ndimo alimowaona wale chungu. Hawakufuatana mstari kama sisimizi wa jikoni. Kila mmoja alitembea peke yake, polepole, kichwa chini, kama mtu aliyedondosha sindano. Walikuwa wembamba, weusi, na ncha ya tumbo yenye rangi ya shaba. Aliwatazama miaka sita bila kumwambia mtu, maana ofisini kulikuwa na kopo la dawa ya wadudu na watu wenye mikono miepesi.

Kisha ikaja mitambo mipya inayounganisha yenyewe. Maopereta wakaagwa kwa hotuba na keki, na fundi mwashi akaletwa kuvunja ukuta wa nyuma. Wenzake walipokuwa wakikusanya vikombe vyao na picha za watoto, shangazi alimwomba fundi ampe nusu saa. Alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kuagwa, akawatoa mmoja mmoja kwa kijiko na brashi ya wanja, akawatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Alitoka mle kazini na chungu arobaini na mmoja. Zawadi aliyopewa aliisahau juu ya kiti, ikabidi nikamchukulie mimi kesho yake.

Habari zilipoenea kwamba Bi Nakuunganisha sasa ana chungu nyumbani, mama mmoja wa mtaa wa pili alibisha hodi kuulizia kama kimebaki cha kupikia maharage. Shangazi alimkaribisha, akamwonyesha. Yule mama alikunywa chai amesimama, mguu mmoja ukiwa tayari mlangoni.

Nyumba yao ya kwanza ilitokana na hospitali. Msimamizi wetu wa wodi alinipa mfuko wa plasta ya kufungia mifupa, uliopitwa na muda. Shangazi aliikoroga, akaimimina kwenye bakuli bapa la kioo, na kabla haijakauka vizuri akachonga vyumba na njia kwa kibanio cha nywele. Shida ikawa mwanga. Akiwafunika haoni kitu, akiwafunua wanatawanyika kwa hofu. Jirani yetu mpiga picha ndiye aliyemkumbusha kwamba kwenye chumba chake cha kusafishia picha hutumia taa nyekundu, pengine na wao hawaijali. Wakatandaza juu ya kioo nailoni nyekundu ya kufungia zawadi, na chungu wakatulia kana kwamba giza limeingia.

Lakini hawakula. Aliwapa sukari, asali, kiini cha yai, nzi waliokufa, chembe za samaki. Waliikagua kila sahani na kuondoka. Kila asubuhi aliwahesabu, na kila wiki hesabu ilishuka. Walipofika kumi na tisa, yeye naye akaanza kupunguza chakula. Nilimwambia shangazi, hawa ni wadudu tu. Akanijibu kwamba mimi pia nina wagonjwa nisiowajua majina, mbona akifa mmoja wao narudi nyumbani na uso ule? Sikumwambia tena.

Nafuu ilikuja kwa bahati. Alikuwa amechota mboji kidogo chini ya mfereji wa paa ili kuwaongezea unyevu, na ndani yake mkawa na vijongoo vidogo sana, kila kimoja ukubwa wa punje ya mchele, vyenye manyoya mwili mzima. Nilikuwa nafua uani nikasikia ananiita, si kwa sauti kubwa, ila kwa ile sauti yake ya kazini.

"Njoo. Njoo taratibu."

Tuliinama pamoja juu ya ile nailoni. Chungu mmoja alikuwa amemshika jongoo, anamgeuza kwa miguu ya mbele, anamng'oa manyoya moja moja na kuyaweka pembeni.

"Anamnyonyoa," alisema shangazi. "Anamnyonyoa kama kuku." Kisha akakaa kwenye kiti na kujifuta macho kwa ncha ya khanga.

Baada ya hapo hesabu ilipanda. Alinunua daftari na kuandika kwa mtindo aliouzoea, saa, nani kampigia nani, na kajibiwa au la. Ninalo mpaka leo. "Saa 4:10. Aliyekatika mguu kamgusa mkubwa. Hajajibiwa. Saa 4:25. Kamgusa tena. Kajibiwa." Aligundua kwamba hawana malkia. Yupo mmoja tu wanayempisha njia, na huyo ndiye anayetaga. Akifa, wanasukumana kwa papasi, vile vipembe vya kichwani, siku tatu nne mpaka apatikane mwingine. Haya yote aliyaandika mwanamke aliyeishia darasa la nane, bila kujua kama kuna mtu duniani anayeyahitaji.

Miaka tisa ilipita hivyo. Mpiga picha alipata lenzi mpya ya kupigia vitu vidogo, akaijaribu kwa mmoja wa chungu, na picha ikatoka nzuri akaitundika studio kati ya maharusi na wahitimu. Siku moja mwalimu kijana wa chuo kikuu alikuja kupiga picha ya pasipoti. Aliiona. Mpiga picha alisimulia baadaye kwamba mtu yule aliondoka bila kupigwa, tai ikiwa bado shingoni mwake, tai ya studio.

Alifika kwetu anahema. Alimweleza shangazi kwamba kwa kadiri anavyojua, chungu wa aina ile waliowahi kuonekana ni wawili, wote wakavu, wamechomwa pini kwenye sanduku la makumbusho tangu zamani. Hakuna aliyeandika wanaishije wala wanakula nini.

"Wanakula jongoo," alisema shangazi akimsogezea kiti. "Ila mpaka wamnyonyoe kwanza."

Mwalimu hakukaa kwenye kiti. Alikaa sakafuni, kwenye nta yetu, akasoma lile daftari ukurasa kwa ukurasa mpaka chai yake ikapoa.

Aliwaomba, na shangazi akakataa. Alirudi mara tatu, na mara ya tatu akapewa nusu, chungu thelathini na wawili, na kila maelezo. Chuoni waliwekwa kwenye chumba chenye mashine ya kupima joto na mashine ya kupima unyevu. Baada ya miezi mitano mwalimu alisimama mlangoni kwetu na kichupa mkononi, ndani yake wamebaki watatu. Nilidhani shangazi atamkaripia, lakini aliwapokea, akawarudisha kwa wenzao, akavaa viatu. Alitaka kukiona chumba.

Nilikwenda naye. Wanafunzi walitupisha. Shangazi hakuangalia mashine hata moja. Aliweka kiganja juu ya meza walipokuwa wamekaa wale chungu, akafumba macho, akatulia hivyo kwa muda mrefu mpaka wanafunzi wakaanza kutazamana.

"Meza inatetemeka," alisema.

Mwalimu aliweka mkono wake, akasema hahisi kitu.

"Ngoja kidogo. Inaanza, inaacha. Inaanza tena."

Lilikuwa jokofu la kuhifadhia dawa, upande wa pili wa ukuta. Kila lilipowaka, meza ilitikisika kwa kiasi ambacho hakuna aliyewahi kukihisi. Shangazi alikuwa ameandika zamani kwamba hawali siku jirani anapotwanga, lakini nani angefikiria jokofu? Alipoulizwa amejuaje, alisema miaka ishirini na saba alikuwa akitambua laini mbovu kabla mteja hajalalamika.

Wakajenga rafu ya mawe juu ya mchanga, mbali na ukuta, shangazi akawapa chungu wengine, na safari hii wakazaliana. Shangazi akawa anakwenda chuoni kila Jumanne. Wanafunzi walimwita Mwalimu, na mwenye mikono mizito alitumwa kwanza akafanye mazoezi ya kunyanyua punje za ufuta kwa brashi. Makala ya mwalimu kuhusu wale chungu ilipochapishwa, jina lake kamili, ambalo mimi mwenyewe nililijua kwenye vyeti tu, lilikuwa la pili kwenye orodha ya waandishi. Alisoma mstari wa kwanza akakunja uso. Walikuwa wameandika kwamba kundi la awali lilikuwa na chungu takriban arobaini. Alidai kwamba hawakuwa takriban, na mwalimu akaomba radhi kwa maandishi.

Macho yake yalianza kuingia ukungu alipofika sabini. Kwanza nilimsaidia kuhesabu, namtajia naye anaandika kwa herufi kubwa. Lakini zamu zangu hospitalini hazikuwa na mpangilio, na siku nilizochelewa alikaa mbele ya bakuli akisikiliza, ingawa hakukuwa na cha kusikia. Mwishowe yeye mwenyewe alimjulisha mwalimu kwamba anawaleta. Alisafiri na bakuli mapajani, akimwomba dereva kila kona asikimbie, akawakabidhi kwa mkono wake, akarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Akapangusa rafu walipokuwa wakikaa na kuweka redio hapo.

Aliishi miaka minne zaidi. Mwalimu alikuja kila likizo kumpa habari, nani kafa, nani sasa anapishwa njia. Mchana mmoja, tukichambua mchele, mimi nachambua na yeye akipapasa tu sinia, nilimuuliza kama ana hamu nao. Akasema hana hamu na wao wenyewe, maana wako mahali pazuri. Anachokosa ni kuamka asubuhi na kuhesabu, akakuta wametimia.