Sindano Haikushuka

Mimi si mtu wa mapepo. Wenzangu wakianza hadithi za majini pale barazani, huaga nikaenda zangu kulala. Lakini hiki ninachokueleza kilinipata mwenyewe, mchana, taa imewaka, katika chumba changu cha nyuma pale Old Kampala, miaka ile ya utawala wa jeshi. Ukitaka usiniamini, sawa. Mimi mwenyewe sikuamini, na kwa sababu hiyo mtu alikufa.

Nilikuwa fundi redio. Wahindi walipofukuzwa, maduka yalibaki rafu tupu na betri zikaadimika kuliko sukari. Nikaanza kuunda redio ndogo zisizohitaji betri wala umeme, unasikiliza kwa kidude cha sikioni. Redio ya namna hiyo uhai wake wote uko kwenye koili, ule msuko wa waya wa shaba unaonasa stesheni. Koili mbovu inakupa stesheni moja tu, ile ya serikali, kwa sababu nguvu yake inafunika nyingine zote. Koili bora inazitenganisha, ukasikia hata wale wa mbali wanasema nini juu ya nchi yako. Sasa unaelewa kwa nini watu walizitaka, na kwa nini nilizitoa dukani zimefichwa ndani ya vibuyu.

Mwenzangu katika ugonjwa huo wa koili alikuwa Okello, Mwacholi, fundi wa redio za polisi, aliyekaa na mkewe Akello kwenye nyumba za polisi Nsambya. Siku zake za mapumziko alikuja na koili yake mfukoni, mimi nami nimetengeneza yangu, tukashindana. Tulikata mduara wa kadibodi, tukauchovya kwenye nta ya nyuki, tukasuka juu yake waya wa nyuzi nyingi nyembamba za shaba. Aliniita Sheikh ingawa alijua alfajiri hunipita nimelala. Mimi nilimwita Afande, na cheo chake chenyewe kilikuwa kidogo kabisa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nilikuwa na mashine ya kutoa mawimbi na mita ya kupimia, nilizoachiwa na jirani yangu Mhindi siku alipoondoka na sanduku moja. Unaiweka koili katikati, unazungusha kitufe mpaka sindano ya mita ipande juu kabisa. Sindano ikishapanda, mtu asisogee. Mwili wa mtu aliye hai una maji na chumvi, na unaiba nguvu ya koili. Ukisogeza mkono tu, sindano inashuka. Koili ikiwa bora zaidi, inakuhisi ukiwa mbali zaidi. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa hivi: mmoja anazungusha kitufe kwa fimbo ndefu ya mwanzi, mwingine anabana ukutani. Na mtu aliyelowa ni mbaya zaidi. Siku moja Okello alinitoa nje ya chumba changu mwenyewe kwa sababu nilitoka kutawadha na mikono ilikuwa bado na maji.

Basi watu wa usalama wakamchukua Okello. Gari lisilo na namba lilisimama getini kazini kwake, wakamwingiza kwenye buti, wenzake wakaangalia pembeni. Wakati ule Waacholi wengi waliovaa sare walipotea hivyo, na wake zao nao walianza kufuatwa mmoja mmoja. Siku ya nane Akello alikuja kwangu. Kaka yake alikuwa na nafasi kwenye lori la kuelekea mpaka wa Kenya, linaondoka Jumanne alfajiri. Akaniambia kama mume wake amekufa ataondoka, lakini kama yu hai hawezi kumwacha arudi akute nyumba tupu. Aliniomba nikisikia lolote nimfikishie. Mimi niliingiza redio kwenye nyumba nyingi, kwa hiyo habari nyingi zilinifikia.

Jumatatu, baada ya alasiri, mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nimemaliza koili iliyozidi zote nilizowahi kusuka, sindano iko juu, mimi nimebana ukutani na fimbo yangu. Mlango ukafunguliwa. Okello akaingia.

Niamini, sikuogopa. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Shati lake ni lile lile la kazi, amelowa chepechepe, amekonda. Nikanyoosha mkono, akaukataa, akasema mikono yake ina maji. Nikamuuliza kama wamemwachia. Alikuwa anaitazama meza.

"Sheikh, hii ndiyo coil mpya?"

Nikasema ndiyo, lakini arudi nyuma, ataniharibia kipimo. Wewe fikiria, mtu siku tisa hajulikani alipo, na mimi namgombeza kwa ajili ya koili. Mazoea ni kitu kibaya. Hakurudi nyuma. Alikwenda mpaka mezani, akaweka kiganja chake chote juu ya koili, maji yakimdondoka kwenye mkono wa shati.

"Soma," akasema.

Nikasoma. Sindano ilikuwa juu kabisa. Haikushuka hata unywele.

"Mita imekwama," nikasema.

"Mita iko sawa. Soma tena."

Akaweka na mkono wa pili. Akainama mpaka uso wake ukakaribia kuigusa nta. Sindano ikabaki pale pale, kana kwamba chumbani hamna mtu ila mimi ukutani. Alinyanyua macho, na sura yake ilikuwa ya huzuni, huzuni ya mtu anayemweleza mwenzake jambo na mwenzake haelewi.

"Ambia Akello vile umesoma. Usiongeze kitu."

Akatoka. Nikamwita, nikakimbilia mlangoni, na nilipopita karibu na meza niliona kwa jicho la pembeni sindano inaanguka. Nikasimama. Nikarudi nyuma, ikapanda. Nikasogea, ikaanguka. Mita haikuwa imekwama. Nje, uchochoro ulikuwa mtupu mpaka mwisho.

Nilijua? Nimejiuliza swali hilo maisha yangu yote. Mkono ulijua, jicho lilijua, lakini moyo ulikuwa umeshashangilia na haukutaka kurudishwa nyuma. Nikajiambia labda ni umeme wa mvua, umeruka ukarudi. Nikatembea kwa miguu mpaka Nsambya, na kila hatua nilikuwa nazidi kuamini ninachotaka.

Akello alikuwa amekwisha kufunga vifurushi vyake viwili. Nikamwambia nimemwona mume wake kwa macho yangu, amesimama kwa miguu yake, ameuliza habari za koili. Alikaa chini, akalia, akacheka. Kisha akaniuliza, "Shemeji, alisema mimi nikae?"

Nikamjibu kwamba angetaka aondoke angesema. Hayo nilimwongezea mimi. Habari ya sindano sikuitaja, na yeye alikuwa mke wa fundi, ameishi na koili hizo juu ya meza ya chakula. Angeelewa kwa neno moja. Mbele yangu akafungua vifurushi, akatoa sufuria na kuzirudisha mahali pake.

Lori likaondoka bila yeye. Alhamisi walikuja kumchukua. Jirani yake alinieleza kwamba maharage yalibaki jikoni yanachemka mpaka yakaungua.

Wiki kadhaa zikapita. Sikusuka koili, lakini ile moja niliiacha mezani, mashine imewashwa, sijui nilikuwa nasubiri nini. Alasiri moja Akello akaingia. Alikuwa na gauni la bluu alilovaa siku ile ya vifurushi. Mimi nilikuwa ukutani, nikabaki hapo hapo.

"Shemeji," akasema kwa upole, "ile siku mita ilisoma nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, bila kuongeza kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaweka mkono wake juu ya koili, na wote wawili tukatazama sindano. Haikushuka.

Akaitikia kwa kichwa, akatoka. Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Sasa mimi ni mzee. Koili ile ninayo bado, nta yake imekuwa nyeusi. Wajukuu wananicheka kwa sababu mgeni akija humkaribisha kwanza chumba cha nyuma, namwomba asogee mezani, na salamu naitoa baada ya sindano kuanguka. Mpaka leo imeanguka kwa wote, alhamdulillahi, lakini kila mara roho inakuwa mkononi.

Wewe uliyenisikiliza, nakuomba kitu kimoja. Ukipewa habari uipeleke kwa mtu, na habari yenyewe ni mbaya, ipeleke vile vile ulivyoipokea. Usiitie sukari kwa sababu unampenda. Mimi nilimpenda Akello kama dada yangu, na huruma yangu ndiyo iliyomfungulia vifurushi.