Kengele ya Tutaona Ndani ya Mutumbwi

Iko siku moja ambayo haijatoka kwangu, mudogo wangu Zuhura, na kila vakansi, likizo ya shule, ikikaribia inarudi. Asubuhi hii nilikusikia ukimwambia mama kwamba Jumamosi mujomba Pasikali atapita kukuchukua, mwende kambini kwake kule juu, muto unakotokea, ukamusaidie mukewe kukausha samaki. Halafu ukaongeza, kwa furaha, kwamba mbwa naye atapanda mutumbwi. Mimi nilikuwa nafagia. Fagio lilisimama. Unanijua: watu wawili wakiniangalia kwa pamoja, maneno yangu yanarudi yalikotoka. Kwa hiyo nimechukua kaye yangu, hii daftari ambayo umejaribu kuifungua mara nyingi (usikatae, niliona alama za vidole vyako vya mafuta), na nikimaliza nitazikata hizi kurasa nizitie kwenye mufuko wako wa nguo.

Mimi siyo muzee. Nina miaka kumi na saba. Lakini kwa jambo la mbwa na mutumbwi nimezeeka, basi univumilie niseme kama wazee wanavyosema nasi.

Nilikuwa na miaka kumi na nne. Pengine unakumbuka tu kwamba vakansi ile tulirudi bila nyavu, na mama akachinja kuku wa kushukuru, na baba akaniambia nioge halafu nilale. Uliambiwa mutumbwi ulipinduka. Hukuambiwa ni kwa nini, kwa sababu mwenye kupaswa kukuambia nilikuwa mimi.

Mbwa wa wakati ule ndiye Tutaona, baba wa huyu wa sasa, ambaye naye anavaa kengele. Alitoka Wamaza, kwa nkambo, baba ya mama yetu, ambaye ni mwindaji. Nkambo alimutuma kwa mujomba ndani ya kitunga, juu ya pikipiki, kwa sababu kule kambini fisi-maji walikuwa wanaiba samaki kwenye uchanja, na mujomba alisema hata fisi-maji wenye miguu miwili walikuwapo. Mbwa wa nkambo hawabweki. Ndiyo maana wanavaa shingoni kengele ya muti, mwindaji asikie wako wapi porini. Wakiwa bado njiani, kengele inajazwa majani, inyamaze, wanyama wasikimbie mapema. Wakifika ukingo wa pori, mwindaji anayatoa yale majani kwa vidole viwili. Kengele ikilia mara ya kwanza, mbwa anajua kazi imeanza. Mimi niliona hiyo kwa macho yangu pale Wamaza nikiwa mudogo. Mbwa aliyekuwa amelala kama kitambaa cha kupangusia anageuka kitu kingine kabisa, masikio juu, na ukimuita jina lake hakusikii.

Nilijua, Zuhura. Hapo ndipo mambo yote yanaponiuma. Mujomba alikulia kambini na samaki, si porini na baba yake, hakujali sana mambo ya kengele. Mama Riziki, mukewe, alitoka kwenye milima ya Kabambare ambako kwao hawafugi mbwa. Ndani ya ule mutumbwi, aliyejua nilikuwa mimi peke yangu.

Nkambo alikuwa ametuma neno kwamba kengele isitolewe shingoni, kwa sababu mbwa akivuliwa kengele anafikiri amefukuzwa kazi na anatafuta njia ya kurudi kwao. Mujomba akaiacha, na majani yake ndani, tukaondoka jua likiwa limeshapanda. Yeye alikaa nyuma na kasia. Katikati alikaa Mama Riziki na sufuria, chumvi, na bido, dumu la manjano lenye mafuta kidogo chini. Alikuwa na mimba ya miezi saba na hajui kuogelea hata kidogo; kwao maji ni ya kisima. Mimi nilikaa mbele, Tutaona kati ya magoti yangu. Kamba yake niliifunga kwenye muti unaokatiza mutumbwi, nikaifunga mara mbili, kwa hofu asianguke. Hakuna aliyenituma kufunga. Nilijiona nina akili.

Tutaona hakupenda muto. Alitetemeka, halafu akaanza kujikuna shingo kwa muguu wa nyuma, na kila akijikuna mutumbwi unacheza.

«Wee mutoto, tuliza hiyo mbwa yako,» Mama Riziki akasema. «Nitatapika hapa, na mujomba yako atasema natapika samaki zake.»

«Utapike kwa ile upande ingine,» mujomba akajibu kutoka nyuma. «Huku napiga kasia.»

Walicheka wote wawili. Mimi niliona haya, kama kawaida, nikafikiri wananigombeza. Niligusa kengele: majani yameloa, yamevimba, yanatoa maji kwenye manyoya. Nikawaza, ndiyo hayo yanamuwasha. Na nitakuandikia ukweli wote, kwa sababu nusu ya ukweli haitakusaidia Jumamosi: nilitaka pia kuisikia ile sauti. Nilimukumbuka nkambo. Nikajiambia tuko juu ya maji, pori haliko hapa, kengele itafanya nini? Nikayatoa majani kwa vidole viwili, nikayaachia majini.

Ko. Ko-ko.

Mujomba alikuwa anafuata ukingo ili tusipigwe na maji ya nguvu ya katikati, na matete yalikuwa karibu, mikono miwili hivi. Tutaona aliacha kutetemeka. Nilisikia mwili wake unakuwa mugumu kati ya magoti yangu. Ndani ya matete kitu kikatikisika, ndege au panya mukubwa, mupaka leo sijui, na mbwa akaruka.

Kamba ilikuwa fupi. Hakufika kwenye matete, wala hakufika vizuri majini. Alibaki ananing'inia ubavuni kwa shingo, akipiga miguu, na uzito wake wote ukavuta mutumbwi upande ule. Maji yakaingia juu ya miguu ya Mama Riziki. Akasimama. Nani asingesimama? Na mutumbwi ukageuka.

Chini ya maji sikuona kitu, kahawia tu. Nilipotoka nilikuwa nimeshika matete, na yalikuwa yananikata mikono, na sikuachia. Niliona kitambaa cha kichwa cha Mama Riziki kinaelea peke yake. Nilisema ndani ya moyo: nimemuua, na yule wa tumboni nimemuua. Kisha mujomba akatokea upande wa pili amemushika kwapa, akamusukumia ile bido, akapiga kelele: «Kumbatia hiyo! Kumbatia kama mutoto!» Akamusukuma mupaka kwenye matete, akarudi, akakata kamba ya mbwa kwa kisu, akauvuta mutumbwi ukingoni. Nyavu zilikuwa zimeenda. 

Tulipofika kwenye muchanga, mujomba alikuwa anatetemeka kuliko sisi, na mwanaume akitetemeka namna ile anatafuta mutu wa kugombeza.

«Nani amesimama? Siku zote nasema mutu asisimame ndani ya mutumbwi!»

«Mbwa ilianguka, Baba Riziki.»

«Mbwa inaanguka, wewe unasimama? Na hiyo tumbo? Mutumbwi iko soko, unasimama-simama?»

Mama Riziki alikunja kitenge chake, akakamua maji.   Kando yangu Tutaona alijikung'uta, na kengele ikalia, ko-ko-ko, wazi kabisa, na hakuna aliyeelewa ila mimi. Nikamuvuta nyuma ya kichaka, nikang'oa majani, nikaijaza tena kengele. Nilifanya kwa haraka, nikiangalia nyuma, kama mwizi. Kuyatoa lilikuwa kosa la mutoto. Kuyarudisha kwa siri halikuwa la mutoto, na nadhani Mungu aliyaandika kwa kurasa mbili tofauti.

Kambini tulikaa siku tatu. Habari zilikuwa zimetutangulia, wavuvi wanaongea kuliko redio. Muvuvi mumoja mwenye kofia ya sufu alimuita kila akipita: «Mama Riziki! Ile ngoma ulicheza ndani ya mutumbwi inaitwa nini? Nataka nifundishe bibi yangu wa ndoa!» Siku ya kwanza alimujibu: «Leta bibi yako kwanza tuone kama uko naye.» Watu wakacheka. Siku ya pili alitabasamu tu. Siku ya tatu aliinama kwenye moshi akageuza samaki, kana kwamba hakusikia. Na jioni alinifunika upande wa kitenge chake, kwa sababu changu kilienda na muto. Mimi nililala macho wazi nikijiambia: kesho asubuhi nitasema. Asubuhi wakanywa chai, nikasema moyoni: wakimaliza chai. Unaijua hiyo hesabu yangu.

Siku ya nne tukateremka kurudi. Mujomba alikuwa amefikiri usiku kucha, na alitaka kufanya vizuri, hilo usilisahau.

«Leo hakuna mutu wa kusimama,» akasema. «Mama Riziki, utakaa chini kabisa, mbele, pale na mbwa. Mbwa sitaifunga tena kwa mutumbwi. Kamba utaishika wewe.»

Na akaanza kumufunga kamba ya Tutaona kwenye kifundo cha mukono. Aliizungusha mara moja. Mama Riziki alinyoosha mukono kama mutoto anayepimwa nguo. Na mimi niliangalia kengele. Majani niliyotia siku ile ya kwanza yalikuwa yamekauka kwa moshi wa kambi, yamesinyaa, nusu yako nje. Mbwa akitikisa kichwa mara mbili yataanguka. Ataruka, na safari hii atakuwa amefungwa kwa mutu asiyejua kuogelea, mwenye mutu mwingine ndani.

Mujomba akaizungusha mara ya pili.

Sauti iliyotoka kwangu haikuwa nzuri, Zuhura. Ilikuwa kama ya mbuzi. «Ni mimi!» nikasema. «Mujomba, ni mimi! Haikuwa Mama Riziki, nilitoa majani kwa kengele, nilijua, na kamba nilifunga mimi, na majani nimerudisha mimi!» Nikaendelea kusema hata pale hawakuuliza. Yule mwenye kofia ya sufu alisimama na kikapu chake. Watu wote wa kambi waliniangalia, ile hofu yangu yote ya kuangaliwa, yote kwa siku moja, na sikufa.

Mujomba aliacha kamba. Aliangalia kengele, akaitia kidole, majani yakaanguka yenyewe. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

«Siku tatu,» akasema. «Umekula ugali na yeye siku tatu.»

Nikalia. Mama Riziki akaifungua kamba mukononi polepole, na nilingoja aseme ni mutoto, tumusamehe. Hakusema hivyo. Alimugeukia mumewe. «Na wewe? Siku tatu watu wananicheka, hukuuliza hata mara moja mbwa iliruka kwa sababu gani.» Kisha akanigeukia mimi. «Nimechoka na wewe. Lakini ungenyamaza tena leo, ningekufa na kamba mukononi, na mungesema nilisimama.»

Mujomba aliivua kengele, akaizungushia kitambaa, akaitia ndani ya sufuria na kufunga kifuniko. Alisema nkambo atamulaumu yeye, si mbwa. Kamba akaikunja akaikalia. Mama Riziki alikaa nyuma karibu na mumewe, amekumbatia bido tupu, na alimwambia yule wa kofia: «Ngoma leo hakuna, rudi kwako.» Mimi nilikaa mbele. Muto wote nilitazama masikio ya Tutaona, na kila yakisogea moyo wangu ulisimama. Alilala. Mama Riziki hakuongea nami kama zamani mupaka mutoto alipozaliwa, yule Neema ambaye wewe unamubeba mugongoni kila Idi wakija kutusalimu.

Sasa sikiliza, mudogo wangu, haya ndiyo nilitaka kukuambia tangu asubuhi. Sikukatazi kwenda, wala sisemi mbwa abaki. Kambini anahitajika, na baba atakukumbusha mwenyewe kwamba bakuli akililamba unaliosha mara saba, moja kwa udongo. Ila kabla muguu wako haujaingia ndani ya mutumbwi, kengele itoke shingoni, ikae ndani ya chombo chenye kifuniko. Mbwa asifungwe kwa muti wa mutumbwi, wala kwa mutu, hata kwa wema. Akitaka kuruka aache aruke, anajua kuogelea kuliko wewe. Wewe ukae chini, na bido tupu iwe karibu na mukono wako, siyo nyuma chini ya mizigo. Mujomba akisahau, mukumbushe. Atakasirika kidogo, ni mukubwa, lakini ataikumbuka siku ile.

Na la mwisho, ambalo ni gumu kwangu kuliko kwako, maana wewe una mudomo. Ukikosea juu ya maji, sema kabla mutumbwi haujaondoka tena. Usingoje chai iishe. Usitengeneze kosa kwa siri ukafikiri limekwisha. Watu watatafuta sababu yao wenyewe, na watamufunga kamba mutu asiye na kosa.

Nenda, Zuhura. Mungu akuvushe na akurudishe, maji yakutambue na yakuache upite, Mama Riziki akuone binti yake, na mudomo wako usikwame siku utakapouhitaji. Mimi nitakaa hapa Kasongo nikihesabu siku, na nikisikia pikipiki inasimama mulangoni nitakimbia kukupokea, hata watu wote wa avenue, mutaa muzima, wakiniangalia. Amina.